Vijana wa Mashuka Mekundu: Timu ya Kriketi Iliyoingia Kwenye Mambo ya Ndoa

Hebu nianze na swali, na naomba usilijibu haraka haraka. Dada, huyo mpenzi wako anayekutumia meseji tamu kila asubuhi, akiitwa kesho kwenye kikao cha ukoo, wazee wameketi, baba yake yupo, baba zake wadogo wapo, na linalojadiliwa ni kumuoza msichana fulani wa nyumbani kwao, na yeye moyoni anajua kabisa kwamba siyo sawa: atafungua mdomo?

Na wewe kaka unayesoma gazeti hili ukimsubiri mwenzi wako atoke saluni, wewe je?

Mimi jibu langu nilikuwa nalo miaka yote. Nilikuwa nasema wanaume wa kwetu ni waoga wa wazee, basi. Nimeshaliandika hapa hapa, na wasomaji wa kiume waliniandikia barua za kutosha kunirudi, nyingine nisingependa mama yangu azisome. Lakini Desemba iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Katandala, pale Sumbawanga mjini, jibu langu liliyumba. Na kilicholiyumbisha, utacheka, ni kriketi.

Sumbawanga mwezi wa kumi na mbili ni mvua na baridi. Watu wa Dar hawaamini nikiwaambia kwamba kuna sehemu ya Tanzania unalala na mablanketi mawili wakati wenzako wanalalia feni, lakini mji wetu uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa jioni hauna utani. Basi jioni ile tulikuwa wote sebuleni: mama, kaka yangu mkubwa na mkewe, watoto, mimi na mume wangu. Tumeshakula ugali kwa migebuka, tunatafuna karanga, na televisheni ilikuwa imeamua kuonyesha chenga tu. Mume wangu akatoa kompyuta yake ndogo akasema, jamani nina filamu.

Lazima nikueleze kuhusu mume wangu. Alisoma India, Bangalore, miaka mitatu, na akarudi na digrii moja na ugonjwa mmoja. Ugonjwa ni kriketi. Kuna wanawake wanaoshindana na nyumba ndogo, mimi nashindana na mechi inayochezwa siku tano na inaweza kuisha bila mshindi. Kwa hiyo aliposema filamu inahusu kriketi niliinuka nikasaidie kuosha vyombo. Akaniambia, kaa, hii ni ya Wamasai.

Nikakaa, ila kwa kununa. Nakiri. Nilijisemea, Mmasai tena kwenye kamera? Maana tumeshamchosha Mmasai wa watu kwa picha: yuko kwenye kadi za posta, kwenye fulana za watalii, kwenye matangazo ya simu. Sasa na kriketi!

Filamu inaitwa Warriors, ilitoka mwaka 2015, mwongozaji ni Mwingereza Barney Douglas. Inasimulia habari za kweli za timu ya ridhaa inayoitwa Maasai Cricket Warriors, kutoka Il Polei, kijiji cha Laikipia nchini Kenya, ukitoka Nanyuki unaelekea Dol Dol. Ni nchi kavu ya ng'ombe na mbuzi, miiba na vumbi. Hakuna anayelipwa. Wengi wao ni wachungaji.

Mpira ulifikaje Il Polei

Historia yenyewe inaanza na nyani. Mwanamke mmoja wa Afrika Kusini, Aliya Bauer, alifika sehemu zile kwa kazi ya utafiti wa nyani. Sasa mtu aliyekulia Afrika Kusini kuishi bila kriketi ni kama Mtanzania kuishi bila Simba na Yanga. Akaikosa. Mwaka 2007 hivi akaanza kufundisha watoto wa shule ya pale Il Polei, kwa vifaa vya kuungaunga. Watoto wakapenda. Vijana wakubwa, wale wa rika la morani, wakawa wanapita na mifugo yao, wanasimama pembeni, wanaangalia. Kisha wakaomba nao wajaribu.

Hapo ndipo Bauer alipoona kitu. Mrushaji wa kriketi hukimbia, akanyoosha mkono, akaachia mpira kwa nguvu na kwa shabaha ili uangushe vijiti vitatu vilivyosimama mbali, kama mita 20. Kijana aliyefundishwa kurusha mkuki tangu utotoni anahitaji kuelezwa nini zaidi? Wenyewe wakasema hivyo hivyo: mpira ni mkuki, na kile kibao cha kupigia ni ngao. (Nakiita kibao kwa sababu nikiita gongo, wasomaji wangu wengine watafikiria kitu kingine kabisa kinachopatikana uchochoroni.)

Timu ikaundwa. Shirika la hisani la Uingereza liitwalo Cricket Without Boundaries, ambalo kazi yake ni kufundisha kriketi pamoja na elimu ya UKIMWI, likawasaidia kupata mafunzo ya ukocha, nao wakaanza kuzunguka shule za jirani kufundisha wavulana na wasichana. Na wakaamua jambo moja ambalo mwanzoni nililiona la maonyesho lakini baadaye nikalielewa: hawatavaa nguo nyeupe kama ilivyo desturi ya mchezo. Watacheza na mashuka yao mekundu, shanga shingoni, shanga mikononi. Nililielewa nilipowaza wazee wa kijijini wanaona nini. Kijana anayeenda kwa wazee akiwa amevaa suruali ya mjini ataambiwa umeharibiwa na shule. Kijana wa shuka, anayechunga, anayecheza ngoma za rika lake, utamwambia nini?

Mwaka 2012 wakaenda Cape Town kwenye mashindano ya dunia ya kriketi ya ridhaa yanayoitwa Last Man Stands. Mwaka uliofuata, 2013, wakaenda Uingereza kwenye mashindano hayo hayo, na ndiyo safari ambayo filamu inaifuata. Hebu pata picha: vijana waliozoea kulala wakisikiliza fisi wanashuka kwenye ndege, mashuka yanapeperuka, wanaingia kwenye treni za London. Ndoto yao kubwa ilikuwa uwanja wa Lord's, ambao kwa watu wa kriketi ni kama Makka. Kombe hawakurudi nalo. Lakini hawakuwa wameanzisha timu kwa ajili ya kombe.

Kilichokuwa moyoni

Walikuwa na dada zao.

Katika jamii yao msichana akifika umri fulani alikuwa anakeketwa, na akishakeketwa anahesabiwa mtu mzima, na akihesabiwa mtu mzima anaolewa, na akiolewa shule imekwisha. Ni mnyororo mmoja. Ukivuta kipande cha kwanza vinakuja vyote. Utafiti wa afya wa taifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba miongoni mwa wanawake wa Kimasai wa miaka 15 hadi 49, asilimia 78 walikuwa wamekeketwa. Na hapo sheria ya Kenya ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa imeshapitishwa tangu 2011.

Sasa kwa nini mama anayempenda mtoto wake, ambaye yeye mwenyewe anakumbuka uchungu ule, anamfanyia binti yake? Tukiwa mjini tunajibu upesi: ujinga. Siyo ujinga jamani. Mama anapiga hesabu. Anajua asipomkeketa, binti ataitwa mtoto mpaka anazeeka na hakuna kijana atakayemuoa. Na kwenye nchi ambayo ng'ombe, nyumba na heshima vyote vinapita mlango wa ndoa, mwanamke asiyeolewa atakula wapi? Mama anachagua ubaya anaoujua.

Kwa hiyo unaweza kuja na mabango, semina, posho na kofia za kampeni, na mama atakupigia makofi kisha atakwenda kutafuta ngariba usiku. Hofu yake haipo kwako. Hofu yake ipo kwa vijana wawili watatu wa boma la jirani ambao ndio wakwe watarajiwa. Hao wakinyamaza, mila inaendelea. Na hao ndio waliokuwa wanacheza kriketi.

Ndiyo maana habari hii naileta kwenye gazeti la mahusiano, mhariri wa michezo anisamehe. Timu nzima ya vijana wanaotazamiwa kuoa ilisimama hadharani ikasema inapinga ukeketaji na ndoa za utotoni, na kwamba msichana ambaye hajakeketwa ni mwanamke kamili. Hapo soko lenyewe la ndoa, kama neno hilo si baya, limebadilika bei. Mama hahitaji tena kuamini maneno ya mgeni. Anaona kwa macho yake mkwe anayekubali.

Nahodha wao, Sonyanga Ole Ngais, na wenzake hawakuishia kusema hayo kwa waandishi wa habari wa Ulaya, jambo ambalo lingekuwa rahisi. Walirudi nyumbani wakaketi na wazee wao. Ukiangalia filamu utaona jinsi jambo lile lilivyo zito. Kwa desturi kijana hajadili mambo ya mwili wa mwanamke mbele ya wazee, ni aibu kwake na kwao. Wanaongea kwa adabu, wanachagua maneno. Hakuna anayegombana na mtu.

Na mchezo uliwasaidia kwa namna nyingine pia, ukiacha sifa. Mwezi Juni 2015 walicheza mechi kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, jirani na Nanyuki, dhidi ya askari wa jeshi la Uingereza wanaofanya mazoezi Kenya, kuchangisha fedha kwa ajili ya Sudan, kifaru dume wa mwisho wa jamii ya vifaru weupe wa kaskazini. (Sudan alikufa Machi 2018, Mungu amrehemu.) Ukiwa mzee wa kijiji, na vijana wako wanaalikwa mahali kama hapo na wanarudi bado wana mashuka na bado wanakuamkia kwa kuinamisha kichwa, unaanza kuwasikiliza.

Nisikudanganye lakini. Mtu akikuambia timu ya kriketi imemaliza ukeketaji Kenya, mwambie apunguze chumvi. Kwa Kenya nzima asilimia ya wanawake waliokeketwa ilikuwa 38 mwaka 1998, ikashuka hadi 21 mwaka 2014, na 15 mwaka 2022. Kazi hiyo imefanywa na sheria, shule, makanisa, na zaidi ya wote wanawake wenyewe. Agnes Pareyio, Mmasai wa Narok, alikuwa anatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji miaka mingi kabla ya kibao cha kwanza kufika Il Polei, na mwaka 2002 akafungua kituo cha Tasaru cha kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa. Hili linaniuma kidogo, nalisema wazi: wanawake wakilima shamba miaka ishirini hakuna kamera, wanaume wakija na jembe siku moja filamu inatengenezwa. Mume wangu alisema nina wivu. Nikamwambia ndiyo, ninao.

Lakini pia jembe lile lilikuwa linahitajika. Na hapo ndipo nilipogeuka kumwangalia kaka yangu.

Mwaka 2001

Kwetu Ufipa ukeketaji siyo mila yetu. Nisingependa msomaji aondoke akidhani hivyo. Kwetu mnyororo unaanzia kipande cha pili.

Tulikuwa tunaishi na dada yetu, mtoto wa baba mdogo, aliyeletwa mjini kutoka kijijini ili asome. Tulilala naye kitanda kimoja. Alikuwa na miaka 16, yupo kidato cha pili, na hesabu alizijua kuliko kaka yangu aliyekuwa kidato cha tano. Mimi nilikuwa darasa la saba na yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha. Siku moja ya likizo baba mdogo akaja na mzee mwingine, wakaketi na marehemu baba sebuleni, sebule hii hii, chai ikaletwa, na kabla chai haijaisha tukajua kwamba kuna watu wameleta ng'ombe na dada anatakiwa nyumbani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, kwa hiyo hakuna aliyevunja sheria. Shule aliyokuwa anasoma haikutuma hata mtu kuuliza. Dada hakulia. Alikunja sare zake akaniachia, akasema zitakutosha ukiingia fomu wani. Na kweli zilinitosha.

Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kona ya sebule muda wote ule. Nakumbuka alikuwa anafungua kamba za viatu na kuzifunga tena. Alikuwa kijana mkubwa, msomi wa familia, baba alikuwa anamsifia mpaka kanisani. Nilimwangalia nikisubiri aseme neno. Hakusema. Na kwa miaka zaidi ya ishirini, kila nilipoandika kwenye gazeti kwamba wanaume ni waoga, sura niliyokuwa naiona ni ile ya kaka yangu na viatu vyake. Hajui. Au alikuwa hajui, mpaka sasa anasoma.

Filamu ilipoisha watoto walikuwa wameshalala kwenye mkeka. Mama akasema vijana wazuri hao, wana adabu, akaenda zake kulala. Mume wangu akaanza kumweleza kaka sheria za kriketi, kama kawaida yake bila kuombwa. Akaeleza kwamba wapigaji huwa wawili uwanjani kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake. Mmoja akipiga mpira, wote wawili wanakimbia, wanapishana katikati, ndipo mkimbio unahesabiwa. Usipomwita mwenzako, au ukamwita ukabadili mawazo katikati, mmoja anatolewa, na mara nyingi ni yule asiye na kosa. (Wanandoa, hapo mmenielewa. Nami nilimwangalia mume wangu kwa jicho fulani, naye akajifanya haoni.) Na kama mwenzako ametoka na hakuna mwingine wa kuingia, umekwisha, hata kama unapiga vizuri namna gani. Peke yako huruhusiwi kuendelea. Isipokuwa kwenye yale mashindano waliyokwenda wale Wamasai, ambako timu ina wachezaji wanane tu na yule wa mwisho anaachwa apige peke yake. Ndiyo maana ya lile jina.

Kaka alisikiliza yote. Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, bila kuniangalia mimi, akimwangalia mume wangu: "Shemeji, wale walikuwa timu. Mimi siku ile nilikuwa mmoja."

Hakuna aliyemuuliza siku ipi. Nilidhani amesahau.

Baadaye, mvua ikipiga bati na mkewe ameshaingia ndani, alisema mengine. Kwamba usiku ule wa 2001 alikwenda kwa rafiki zake wawili, wa mtaani hapa hapa Katandala, kuwauliza kama wangekuwa yeye wangefanya nini. Wote walisema si sawa. Na wote walisema, lakini utamwambiaje mzee? Mmoja wao dada yake mwenyewe aliolewa hivyo hivyo mwaka uliopita. Walikuwa watatu wanaofikiri jambo moja, na kila mmoja alirudi kwao kulala. "Hatukuwa na sababu ya kukaa pamoja," alisema. "Tungekuwa tunacheza hata bao, labda."

Nimelifikiria neno hilo tangu Desemba. Miaka yote nimekuwa nadai ujasiri wa mtu mmoja mmoja, mwanaume asimame, mwanaume aseme. Sijawahi kujiuliza atasimama na nani. Vijana wa Il Polei hawakuzaliwa na mioyo ya chuma. Walikuwa na siku za mazoezi, na mtu wa kusimama naye kulia na kushoto, na walikwenda kwa wazee kama rika, ambalo wazee wa Kimasai wanalijua na kuliheshimu kuliko mtu mmoja mwenye maneno mengi. Simsamehei kaka kwa sababu ya filamu. Ila simuiti tena mwoga, na hilo kwangu siyo dogo.

Na kwetu je?

Usifikiri mambo ya 2001 yamekwisha. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 unasema kwa Tanzania nzima asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Songwe, jirani zetu, ni 45. Katavi, jirani wa upande wa pili, ni 34. Rukwa yetu ni 30. Kwenye sheria, Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu vile vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani. Hizo ni hatua kubwa. Dada yangu angekuwa kidato cha pili leo, pengine.

Kaka yangu naye ana binti. Yupo kidato cha tatu, mrefu kama mama yake, na tayari kuna mtu kijijini ameshaanza "kuulizia", kama wanavyosema, kwa kupitia kwa ndugu. Wifi yangu ndiye aliyeniambia, jikoni. Nilimuuliza kaka atafanya nini. Akasema ameshajibu. Nikauliza amejibu nini. Akasema, "Nimewaambia waje wote, na mimi nitakuja na watu wangu." Watu gani? Akawataja: wale rafiki wawili wa 2001, mmoja sasa ni mwalimu, mwingine ana duka la vifaa vya ujenzi. Kikao kilikuwa kimepangwa Januari, sisi tukiwa tumesharudi Dar. Nimepiga simu. Kilifanyika, kilikuwa kirefu, na binti yupo shuleni. Zaidi ya hapo kaka hakutaka kusema, na wanaume wa Kifipa wakisema hawasemi, hawasemi.

Kriketi yenyewe Sumbawanga bado. Mji wetu ni wa soka. Muulize yeyote kuhusu tarehe 22 Oktoba 2020, Tanzania Prisons walipoifunga Simba bao moja bila pale uwanja wa Nelson Mandela, atakueleza alikuwa amesimama wapi. Ila mume wangu hakubali kwamba huu ni mchezo wa kigeni. Ananikumbusha kwamba Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume, Uingereza mwaka 1975, Afrika Mashariki ilikuwepo, kikosi kimoja cha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na Watanzania walikuwemo, Shiraz Sumar na Praful Mehta. Walipigwa mechi zote tatu, New Zealand wakiwashinda kwa mikimbio 181, lakini walikuwepo. Ananikumbusha Kenya ilivyofika nusu fainali mwaka 2003. Na kina dada wetu wa timu ya taifa ya Tanzania, waliotwaa kombe la Kwibuka kule Kigali mwaka 2019 na tena 2022. Na vijana wetu wa chini ya miaka 19, waliofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Akianza hivyo huwa najifanya nimepata simu.

Kabla hatujaondoka Katandala, alichonga kibao kutokana na mbao iliyobaki kwenye ujenzi wa banda la kuku. Mpira ukawa wa soksi na nailoni. Vijiti vitatu vya mkaratusi. Watoto wa mtaa walijaa uani mpaka kuku wakahama.

Jumamosi hiyo dada naye alikuja kutoka kijijini, na gunia la maharage na mtoto wake wa mwisho. Ana miaka arobaini sasa. Ana watoto sita, na wote walioweza amewasomesha, hilo nalo liandikwe. Alisimama mlangoni akiangalia watoto wanavyogombania kibao, akauliza ni mchezo gani huo wa kichaa. Nikamwonyesha filamu, sisi wawili tu, tumekaa kwenye kitanda cha chumba kile kile, blanketi magotini.

Aliangalia bila kusema. Alicheka mara moja, mashuka yalipopeperuka kwenye baridi ya Uingereza. Ilipokaribia mwisho akauliza, "Na wasichana wa kwao, wanapewa kile kibao?"

Nikamwambia ndiyo, mashuleni wanafundishwa.

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniomba nirudishe nyuma, pale wazee wanapowasikiliza vijana.